Hatua Sitini za Mfereji

Vikundi vilikuwa kumi na kimoja, na kila kimoja kilikuwa na mwenyekiti aliyeamini kwamba vile vingine kumi vinamwonea. Watu wa juu mlimani walisema wa chini wamekaa tu kupokea udongo mzuri unaoshuka bila wao kutoa jasho. Watu wa chini walisema wa juu wanaukwangua mlima kama sufuria, kisha wanawaachia wenzao matope. Kati yao alikuwepo mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mwenye pikipiki kuukuu, buti za mpira, na mfuko wa turubai ambao haukukosa uzi, vigingi na pima maji ya fundi mwashi. Cheo chake kilikuwa mratibu wa vikundi vya hifadhi ya ardhi kwa bonde zima. Watu walimwita Dada Kamba, kwa kuwa kila walipomwona alikuwa anavuta uzi kutoka fito moja hadi nyingine.

Bonde lile lilikuwa linakwisha, na hilo halikuhitaji mtaalamu kulisema. Mvua ikinyesha, mto uligeuka rangi ya chai ya maziwa, na rangi ile ndiyo yalikuwa mashamba ya watu yakienda zake. Dawa nayo ilijulikana: kuchimba makingamaji ya kukata mteremko, kupanda majani kwenye kingo, na juu kabisa kuchimba mfereji mkubwa wa kuyadaka maji ya mlimani na kuyapeleka mahali yasipodhuru. Tatizo ni kwamba mtu mmoja akichimba na jirani yake akakaa, kazi yote inakwenda na maji. Ilibidi watu wakubaliane, na kwa kukubalianisha watu Dada Kamba hakuwa na mpinzani. Aliweza kuwaweka kitako watu wawili ambao hawajasalimiana misimu miwili, na kabla ya adhuhuri wakawa wanashika uzi mmoja. Hakubishana na mtu. Alimwacha aseme mpaka akauke koo, ndipo anamwuliza taratibu, "Sasa wewe ungependa iweje?" Mtu akishaulizwa hivyo, hulegea.

Mwenyekiti wa kikundi cha juu kabisa alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Baba yao alipofariki, Dada Kamba alikuwa na miaka tisa, kaka yake kumi na tisa. Kaka aliacha masomo akashika jembe, na mwaka mmoja alimbeba mdogo wake mgongoni kutoka mlimani hadi zahanati akiwa hajitambui kwa homa, mwendo wa nusu siku. Hakuwahi kumkumbusha hayo hata siku moja, na labda ndiyo sababu dada mtu hakuweza kuyasahau.

Chini, pale mteremko unapolegea, mwenyekiti alikuwa mwanamke aliyeitwa Chuma. Jina hilo alilipata siku ya kwanza ya kuchimba, mpini wa jembe lake ulipovunjika, naye akaendelea kuchimba na bapa la jembe mkononi mpaka zamu ikaisha. Yeye na Dada Kamba walikaa dawati moja shuleni, waliazimana viatu, walitunziana siri. Chuma aliishi na baba yake, mzee mwembamba aliyekuwa amezirekebisha saa za watu mjini kwa miaka thelathini kabla ya kurudi kulima. Waliendelea kumwita Fundi Saa. Alikuwa bado na ile lenzi yake ndogo ya kubana jichoni, na vijana walicheka walipomwona amelala kifudifudi shambani, lenzi jichoni, akikagua kama kipovu cha pima maji kimekaa katikati sawasawa.

"Nyie chekeni," aliwaambia. "Saa ikikosea, unachelewa harusi. Hii ikikosea, unahama."

Mwaka ule walipoamua kuchimba mfereji mkubwa, Fundi Saa ndiye aliyeshika fito ya pili. Kwa siku nne yeye na Dada Kamba waliutembea mlima hatua kwa hatua, mmoja akiita juu, mwingine akiita chini, wakichomeka kigingi kila hatua kumi. Mstari ulitoka vizuri. Ulipita juu ya mashamba yote, ukishuka kidogo kidogo, upana wa vidole vitatu kwa kila hatua kumi, mpaka kwenye mkondo wa mawe upande wa pili wa mlima. Pale palikuwa na mwamba mtupu ambao maji yangeweza kuupiga miaka mia bila kuung'oa. Lakini ili kuufikia, mfereji ulipaswa kupita hatua sitini ndani ya shamba la kaka yake.

Kaka alikuwa amepanda miparachichi kwenye kipande kile. Ilikuwa na miaka mitatu, na mwaka ule ndiyo kwanza ilikuwa imetoa maua.

"Sikatai mfereji," alisema, akiwa amesimama katikati ya miti yake, mikono nyuma. "Nakataa usipite hapa."

"Hatua sitini tu, kaka."

"Hatua sitini za nani?"

Kaka aliinama akaokota jani kavu, akalivunjavunja.

"Mimi sijawahi kukuomba kitu," alisema. "Leo nakuomba."

Neno hilo lilimwingia. Usiku na mchana alilitafuna. Zilikuwa zimebaki wiki tano kabla ya mvua, na kikundi cha juu kilikuwa kimesema wazi kwamba mwenyekiti wao akibanwa, wao wanaweka majembe chini. Wakiweka wao, wa kati wangeweka, na mpango mzima ungeanguka. Ndivyo alivyojiambia. Mkutanoni akaja na wazo: mfereji uishie kwenye njia ya zamani ya ng'ombe, kabla ya kufika shamba la miparachichi, na njia ile ijengwe vizuizi saba vya mawe vya kupunguza kasi ya maji. Wa juu watachimba, wa chini watabeba mawe. Kila mtu apate kidogo, kila mtu atoe kidogo. Watu walipiga makofi. Chuma alisimama akasema, "Mwenye kujua ni wewe. Ukisema ni sawa, sisi tunabeba mawe." Mkutano ukaisha kabla ya chakula cha mchana, na bwana shamba wa wilaya akamsifu kwamba hajapata kuona mgogoro ukimalizika upesi namna ile.

Fundi Saa peke yake hakupiga makofi. Kesho yake, walipokuwa wanahamisha vigingi, alisimama pale mfereji utakapoishia, akatazama chini, akatazama tena.

"Binti yangu, haya maji yakitoka hapa yataelekea wapi?"

"Yatashuka polepole, baba. Mawe yatayapokea."

"Sijauliza kasi. Nimeuliza yataelekea wapi."

Dada Kamba alitazama. Njia ya ng'ombe ilishuka mteremko imenyooka kama imepigwa rula, na mwisho wake kulionekana bati la nyumba ya Chuma, likimetameta juani.

"Tutaongeza mawe," alisema.

Mzee alimtazama kwa muda, macho yake madogo hayapepesi. Kisha alianza kuukunja uzi. "Haya," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Mfereji ulichimbwa kwa siku thelathini na moja. Wa juu walichimba mpaka wakastahili heshima. Ulikuwa mfereji mzuri, kingo zimekatwa safi, sakafu imenyooka. Vizuizi vya mawe vilijengwa vinne. Kisha msimu wa kupanda ukaingia, kila mtu akakimbilia shamba lake, na vile vitatu vikawa vya kesho.

Mvua yenyewe ilikuja Alhamisi mchana, baada ya siku mbili za manyunyu. Dada Kamba alikuwa ng'ambo ya bonde, kwenye kikundi cha saba, wakizungumzia mbegu za majani. Bati lilianza kupigwa mpaka watu wakashindwa kusikilizana, wakakaa wanatazamana. Simu ilipolia alitoka nje kwenye baraza. Alisikia sauti ya mwanamume akipiga kelele, hakuyashika maneno yote, lakini neno "njia ya ng'ombe" alilishika. Aliwasha pikipiki katika mvua ile ile.

Alipofika mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, kana kwamba hakuna lililotokea. Alipanda moja kwa moja kwenye mfereji, akidhani umepasuka. Haukuwa umepasuka. Haukuwa na ufa hata mmoja. Ulikuwa umefanya kazi ile ile uliyochimbiwa: uliyakusanya maji ya mlima mzima, ukayaleta yote mahali pamoja, ukayamwaga kwenye njia ya ng'ombe. Vile vizuizi vinne havikuacha hata alama ya mahali vilipokuwa. Njia iligeuka korongo ambalo mtu mzima angesimama ndani yake na kichwa kisionekane. Chini kabisa, makingamaji kumi na moja ya Chuma, kazi ya miaka sita, yalikuwa yamelainishwa kama kitanda kilichotandikwa.

Fundi Saa alikuwa ametoka kwenda kuwafungua mbuzi. Ukingo wa korongo ulimwangukia. Walimpata kabla jua halijazama, karibu na ua, na mbuzi wawili wakiwa hai pembeni yake, kamba zimekatwa.

Mazishini walikuja watu wa vikundi vyote kumi na kimoja. Kaka na watu wake wa juu walichimba kaburi, wakabeba jeneza, hawakula chochote mpaka kila kitu kilipokwisha. Chuma alikaa kwenye mkeka, macho makavu. Dada Kamba alipomwinamia, Chuma aliushika mkono wake akaung'ang'ania.

"Wewe umefika kabla ya ndugu zangu," alisema. "Sitakusahau kwa hili."

Dada Kamba alikwenda nyuma ya nyumba, akashika ukuta, akatapika.

Wiki moja baadaye bwana shamba alikuja ofisini kwake. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la wavu, meza moja, majalada kumi na moja yamesimama kwenye rafu, na ramani ya bonde iliyochorwa kwa mkono ukutani. Bwana shamba alifungua taarifa yake mezani, kurasa tatu, nadhifu. Aliisoma kwa sauti. Mvua kubwa isiyo ya kawaida. Madhara yasiyoweza kuzuilika. Mpango uendelee kama ulivyoidhinishwa.

"Weka sahihi hapa, mratibu, nami nipige muhuri."

"Hapo hapajaandikwa kwamba mstari ulihamishwa."

"Ulihamishwa na mkutano."

"Niliupendekeza mimi. Mstari wa kwanza ulifika kwenye mwamba. Ninao kwenye daftari."

Bwana shamba alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye mabonde manne ya kusimamia na gari moja. "Sikiliza, dada yangu. Mvua ilikuwa kubwa, hilo si uongo. Ukiandika hayo unayosema, wa chini watainuka dhidi ya wa juu, vikundi vitavunjika, na wewe utapoteza kazi. Na yule mzee hatarudi. Nani atafaidika?"

"Sijui," alisema.

"Basi fikiri. Jumamosi ni mkutano mkuu. Unipe jibu kabla yake."

Hakuhitaji kufikiri, alihitaji kupiga moyo konde. Jioni ile alipanda kwa kaka yake. Alimkuta barazani na mama yao, mama akipukuchua mahindi kwenye ungo. Alieleza bila kuzunguka. Kaka alisikiliza huku akitazama upande wa miti yake.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeileta mvua," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Wao watasema."

Mama aliacha kupukuchua. "Wewe mtoto, unataka kumvua nguo kaka yako mbele za watu? Aliyekulea?"

"Simsemi yeye, mama. Najisema mimi. Yeye aliomba, na mtu kuomba si kosa. Mwenye pima maji mkononi nilikuwa mimi. Yeye hakujua maji yatakwenda wapi. Mimi nilijua."

"Ulijua kwamba mtu atakufa?" aliuliza kaka, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nilijua si salama. Nikajiambia mawe yatatosha."

Kaka aliinuka. Alisimama mlangoni amewapa mgongo. "Nenda nyumbani kwako," alisema. Hakumfukuza kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba aachwe peke yake.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Chuma, maana aliona si haki asikie mbele ya kadamnasi. Alimkuta chini ya shamba, amevaa buti za marehemu baba yake, anaokota mawe kwenye matope na kuyapanga, anatafuta mstari wa kingamaji la kwanza. Dada Kamba alisimama hatua chache akamwambia yote: mwamba, miparachichi, ombi la kaka, mkutano uliopiga makofi. Chuma aliendelea kupanga mawe mpaka aliposikia jina la baba yake.

"Baba alikuuliza?"

"Aliniuliza maji yataelekea wapi. Aliniuliza mara mbili."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia tutaongeza mawe."

Chuma aliliweka chini jiwe alilokuwa nalo, akakaa juu ya rundo.

"Siku ile aliporudi nilimwuliza mfereji umekaaje," alisema. "Akasema yule binti anaijua kazi yake. Hakusema neno lingine. Mimi nikalala usingizi."

"Chuma…"

"Usiniite. Na usinililie hapa. Ukilia itabidi nikubembeleze, na nguvu hizo sina." Alifuta mikono kwenye sketi. "Kesho utasema mbele ya watu?"

"Nitasema."

"Sema. Sasa ondoka, siwezi kukutazama."

Mkutano mkuu ulifanyika kwenye darasa la shule, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, wengine wamesimama madirishani. Dada Kamba alianza kusema kabla bwana shamba hajafungua jalada lake. Alibandika ubaoni karatasi mbili, mstari wa kwanza na mstari wa pili. Hakupamba, hakutia chumvi, na hakulia. Alisema alichopima, alichoombwa, alichokubali, na swali aliloulizwa na Fundi Saa. Alipomaliza alibaki amesimama, chaki mkononi.

Kisha darasa lote likalipuka. Mwanamume mmoja wa kikundi cha chini alipanda juu ya dawati akapiga kelele kwamba watu wa juu wamewaua. Mwingine wa juu akamjibu kwamba wao walichimba walipoonyeshwa. Mtu mmoja akataka mwenyekiti wa juu afukuzwe. Kaka alikuwa nyuma, karibu na mlango, kofia mkononi, na watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote kama mtu mwenye ugonjwa. Vikundi viwili vya chini vilianza kutoka. Bwana shamba alimtazama Dada Kamba kwa macho ya mtu aliyekwisha kuonya.

Ndipo Chuma aliposimama. Hakupaza sauti, na ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Mnaotoka, mnakwenda wapi?" aliuliza. "Mkitoka, mfereji bado upo. Mkivunja vikundi, mfereji bado upo. Umeelekezwa kwangu. Mvua nyingine ikija utamwaga pale pale. Nani kati yenu atakuja kulala kwangu siku hiyo?"

Waliokuwa wanatoka wakasimama.

"Sijasamehe mtu," aliendelea. "Msije mkasema kwamba Chuma alisamehe. Mimi nataka mfereji ufike kwenye mwamba kabla mvua kubwa hazijarudi. Mengine tutayasema baadaye." Aligeuka akamtazama kaka mtu kule mlangoni. Watu wote wakageuka.

Kaka aliivaa kofia yake akatoka.

Mengine yaliamuliwa upesi. Dada Kamba alivuliwa uratibu kwa kura, na yeye mwenyewe aliinua mkono kwanza. Nafasi yake ilichukuliwa na katibu wa kikundi cha tano, fundi mwashi mwenye sauti nene na maneno machache. Bwana shamba alisema kwa unyonge kwamba itabidi aandike taarifa upya. Ukabaki mstari. Mtu akauliza nani atapima.

"Apime yeye," alisema Chuma. "Anaujua. Lakini fito ya pili nitashika mimi."

Jumatatu alfajiri watu hamsini na kitu walipanda mlimani na majembe, bila kujua kama watapigana au watachimba. Kabla hawajafika walisikia panga. Kaka alikuwa ameanza gizani. Miti kumi na minne ilikuwa imelala chini, maua yake bado mabichi, naye alikuwa anaukata wa kumi na tano. Hakumsalimu mtu. Alipomaliza, alichukua jembe akaanza kung'oa visiki. Watu wake wakamfuata, mmoja mmoja, kisha wa kati, kisha wa chini. Mkewe alileta maji ya kunywa kwenye ndoo, na alipomfikia Dada Kamba alimjazia kikombe bila kumtazama. "Kunywa, wifi," alisema tu.

Kwa siku tatu Dada Kamba na Chuma walipima zile hatua sitini. Uzi ulikuwa kati yao, mmoja huku na mmoja kule, na hawakuzungumza neno lisilo la kazi. Juu. Chini kidogo. Hapo. Kila kigingi Chuma alikipima mara mbili, na mara mbili Dada Kamba alisubiri bila kunung'unika. Siku ya tatu, kwenye kigingi cha mwisho, walisimama juu ya mwamba wakatazama chini, na chini hapakuwa na paa wala shamba, mawe matupu mpaka mtoni. Chuma aliitikia kwa kichwa, akaweka fito chini, akashuka nyumbani.

Mvua kubwa zilirudi wiki ya sita baada ya hapo. Watu walitoka wenyewe, bila kuitwa, wakasimama kando ya mfereji wamejifunika magunia na nailoni. Maji yalikuja meusi, na povu, yakipiga kelele. Yalipita pale njia ya ng'ombe inapoanzia, yakapita kati ya visiki, yakafika kwenye mwamba na kuangukia mawe. Korongo lilibaki na maji yake machache ya mvua tu. Hakuna aliyeshangilia. Kaka alikuwa amesimama upande wa pili wa mfereji. Alimtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu mkutano, akaonekana anataka kusema kitu, lakini sauti ya maji ilikuwa kubwa na hakuna aliyevuka.

Kufikia kiangazi barua ya wilaya ya kumwachisha kazi ilikuwa imefika, pikipiki ya kazi imerudishwa, na majalada kumi na moja yamehamia kwa fundi mwashi. Dada Kamba alijiandikisha mwanachama wa kawaida katika kikundi cha chini. Baadhi walimkataa, wengine wakasema jembe halina kinyongo, aje achimbe. Alichimba kwa zamu kama kila mtu, Jumanne hadi Jumanne, shamba hili na lile. Mama alimtumia salamu kwa wifi. Kaka alimtumia gunia la mbegu za majani lisilo na ujumbe. Alivipokea vyote viwili.

Kisha zamu ikafika kwenye shamba la Chuma. Asubuhi ile Dada Kamba alikawia kutoka. Alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Alipofika wenzake walikuwa wamekwisha kupanga mstari, na Chuma alikuwa anagawa vipande kwa kupiga hatua. Alimpita Dada Kamba, akahesabu hatua nane, akachora alama kwa kisigino.

"Hiki chako," alisema, akaendelea kwa mwingine.

Walichimba mpaka jua likawa la utosi. Udongo ulikuwa mzito, mchanganyiko wa mchanga na kokoto zilizoshuka na mafuriko, na kila baada ya majembe machache ilibidi uiname utoe jiwe. Dada Kamba alimaliza kipande chake akaegemea mpini, jasho likimtiririka machoni. Chuma alikuja akikagua, mtu mmoja baada ya mwingine. Alifika, akaukanyaga ukingo kwa buti, ukabonyea.

"Huu umeuacha mlegevu," alisema. "Mvua moja tu unakwenda. Bomoa, urudie."

Wengine walikuwa wamekaa kivulini wanafungua vyakula vyao. Dada Kamba aliubomoa ukingo, akaanza upya, akishindilia kila tabaka kwa mguu. Alipokuwa katikati alisikia jembe jingine likipiga upande wa pili wa kipande. Hakuinua uso kuangalia ni la nani, na walifanya kazi hivyo mpaka ukingo ukakaza.